Tundika mzinga, wenyewe watakuja

Mwezi uliopita niligusia nyuki kwa aya moja tu, na barua zilizokuja zimezidi za kuku na mbuzi zikijumlishwa pamoja. Nimezisoma zote. Sitaweza kujibu kila moja, ila aliyeuliza jambo linalofanana na la mwenzake atajikuta humu. Kwa wageni wa safu hii: nimezaliwa Sikonge, mkoani Tabora, baba yangu akiwa mrina asali. Nilifundisha shule ya msingi miaka 31, na sasa naishi Kisarawe, ambako nina mizinga sita chini ya mikorosho. Siuzi asali. Nikirina nagawa kwa majirani, naweka chupa mbili za kikohozi cha wajukuu, na sehemu kubwa nawaachia nyuki wenyewe.

Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi ya ofisini mjini na nina ekari mbili Kisarawe zenye mikorosho ya zamani tu. Ningependa kufuga nyuki iwe burudani yangu ya mwisho wa wiki. Kuna mtu ameniahidi mizinga kumi, na nyuki wake juu. Nianze na mingapi? Na nyuki wananunuliwa wapi? (Msomaji, Mbezi)

Marahaba mwanangu. Hiyo kumi iache, anza na miwili. Ukiwa na mmoja huna pa kulinganishia: nyuki wakipungua hutajua kama ni njaa ya msimu au ni tatizo la mzinga huo. Ukiwa na kumi umejiajiri, na wewe ajira unayo tayari.

Nyuki usinunue. Ulaya na Marekani mtu anaagiza kundi ndani ya boksi, malkia akiwa kwenye kitundu chake, kwa hiyo vitabu vingi vinaanzia hapo. Kwetu makundi yapo porini, kwenye mapango ya miti, kwenye vichuguu, hata kwenye dari za nyumba, na kila mwaka yanagawanyika yakitafuta makazi. Kijijini kwetu sikuwahi kumsikia mtu akisema anafuga nyuki. Alisema ametundika. "Mwaka huu nimetundika thelathini." Kutundika ndiyo kazi ya binadamu, kuingia ni uamuzi wao.

Kwa hiyo tafuta mahali kabla ya mzinga. Tembea kwenye ekari zako hizo mbili ukiwa na maswali manne. Maji yako wapi? Kama hakuna kijito, weka karai lenye mawe na vijiti vya kutulia ili wasizame, na ulijaze wiki zote, maana wakikosa maji kwako wataenda kwenye bomba la jirani na kesi itaanza. Njia ya watu iko wapi? Mimi mizinga yangu iko zaidi ya mita 300 kutoka nyumba ya karibu, imezungukwa na kichaka, na midomo yake haitazami njia. Kivuli kipo? Mkorosho wa zamani unakitoa kizuri. La nne watu wengi hulisahau: nani anapuliza dawa? Mikorosho ikitoa maua hupigwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, alfajiri umande ukiwa bado upo, na wengine huongeza viuatilifu vya wadudu. Hivyo vya wadudu ndivyo vinavyoangamiza nyuki. Nenda ukae na majirani kabla ya msimu, uwaombe wapulize kabla jua halijawaka au jioni nyuki wakiwa wamerudi, na wakuarifu siku moja kabla. Mimi huenda na chupa ya asali mkononi. Nyuki wanasaidia mikorosho yao kushika matunda, na wakishalielewa hilo wanakuwa walinzi wako.

Sasa mzinga. Baba alitumia wa magome. Alibandua gome la mti wa miyombo mzimamzima, akalikunja na kulishona kwa vijiti, na mti ule ukafa ukiwa umesimama. Nilipokuwa mtoto niliuona mzinga tu, mti sikuuona. Leo nikipita Sikonge naiona ile miti mikavu na moyo unaniuma, kwa hiyo wa magome sikushauri. Wa magogo unadumu, ila ukirina unavuruga kila kitu, majana (watoto wa nyuki) na asali pamoja. Halafu kuna mzinga wa masanduku yenye fremu, ambao Langstroth wa Marekani aliupatia hataza mwaka 1852. Ni mzuri kwa biashara, lakini ukifunua mfuniko umelifunua kundi zima kwa mpigo, na nyuki wetu hawalipendi hilo.

Kwako nachagua mzinga wa viunzi vya juu. Ni sanduku refu lenye kuta za mshazari, na juu yake vimepangwa viunzi vilivyobanana kama mbao za kitanda bila upenyo. Kila kiunzi kinabeba sega moja linaloning'inia. Ukitoa kimoja unafungua ufa mdogo tu, kwingine kote kumefungwa. Na unauning'iniza kwa waya usawa wa kiuno. Utotoni mwangu mwanamke hakupanda mtini kurina. Leo nina miaka 67, naufungua mzinga wangu nimesimama ardhini.

Fundi wako msimamie kwenye jambo moja: upana wa kiunzi ni milimita 32. Usikubali "kama vidole viwili hivi". Fundi wangu wa kwanza alipima kwa vidole, viunzi vikatoka vipana, na nyuki wakajenga masega ya kukatisha kutoka kiunzi hiki hadi kile. Sikuweza kutoa hata kimoja bila kuvunja. Milimita 32 ndiyo nafasi ambayo nyuki wetu wenyewe huachiana kutoka katikati ya sega hadi katikati ya sega jingine. Wa Ulaya ni wakubwa kidogo na wao hutumia 35, kwa hiyo ukinakili mchoro wa kutoka huko utakosea.

Mwalimu, mzinga wangu umening'inia miezi minane na hakuna hata nyuki mmoja. Nimeupaka rangi nzuri ya kijani ndani na nje ili udumu. Nikate tamaa? (Msomaji, Mkuranga)

Usikate tamaa. Kosa ni ile rangi ya ndani. Nyuki wanaotumwa kutafuta nyumba wanaingia na kutembea kuta zote wakinusa. Mzinga unaonuka rangi, vanishi au mafuta ya taa wanaukataa hapohapo. Ikwangue yote ya ndani kwa msasa, uache mzinga wazi juani wiki mbili. Nje rangi ibaki, haina neno.

Kisha uunukishe kama nyumba iliyowahi kukaliwa na nyuki. Tafuta nta halisi kwa mrina asali, iyeyushe, na umimine uzi mwembamba katikati ya kila kiunzi, upande wa chini. Huo uzi unafanya kazi mbili: unawaita, na unawaonyesha wajenge wapi. Sugua nta nyingine mlangoni. Ukipata gundi ya nyuki, ile nyeusi inayonata, paka pia. Mchaichai uliopondwa nao una harufu inayokaribia ile wanayoitumia kuitana, kwa hiyo mimi husugua majani yake kwenye mlango kila baada ya wiki chache.

Tazama wapangaji wengine. Fungua kila mwezi utoe utando wa buibui, mijusi na viota vya sisimizi. Waya za kuning'inizia zipake grisi, na ukate kila tawi linalogusa mzinga, maana siafu wakipata daraja hawabakizi kitu. Kwangu Kisarawe makundi nayaona zaidi masika yakishaisha, mikorosho inapoanza kuchanua. Mzinga uwe tayari kabla ya hapo. Mmoja wa mizinga yangu ulikaa mtupu miezi kumi na nne. Siku nilipokuta vibarua (nyuki wafanyakazi) wawili watatu wanaingia na kutoka mlangoni, wakipimapima, nilirudi nyuma taratibu na sikuusogelea kwa siku tano. Siku ya sita kundi lilikuwa ndani.

Nimeona kwenye simu mzungu anashika nyuki kwa mikono mitupu, mtoto wake yuko pembeni na kaptura. Mimi naishi Tabata, ua wangu ni mdogo, nina watoto wawili. Naweza? (Mama wawili, Tabata)

Hapana mwanangu, na nakuomba sana usijaribu. Yule anashika nyuki wa Ulaya, waliochaguliwa kwa upole vizazi na vizazi. Wetu ni wakali kwa sababu wameishi na nyegere, na siafu, na binadamu mwenye moto, na waliokuwa wapole hawakubaki. Mwaka 1956 malkia wa nyuki wa Afrika walipelekwa Brazil kwa utafiti. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalitoroka, wakazaliana na wa huko wakaenea sehemu kubwa ya bara hilo, na kufikia 1990 walikuwa wamefika Texas. Huko wanawaogopa. Sisi tunaishi nao vizuri kwa kuwa tunawapa nafasi yao, na Tabata nafasi hiyo haipo. Mzinga wa nyuki wauma kwenye ua wenye watoto na majirani wa ukuta kwa ukuta ni hatari ya kuua.

Lakini furaha ya nyuki unaweza kuipata. Kuna nyuki wadogo wasiouma, weusi, ukubwa wa inzi mdogo. Huenda unao tayari kwenye ufa wa ukuta au shina la mti, wanaingilia kwenye kimrija cha nta kama kidole. Hawana mwiba wa kuuma. Wanakaa kwenye kisanduku kidogo, hata kibarazani. Hawajengi masega ya asali kama hawa wakubwa. Asali yao wanaiweka kwenye vijungu vidogo vya nta, ni chache, nyepesi, na ina uchachu. Mtafute mfugaji akuuzie kundi lililokwisha kuhamishiwa kwenye kisanduku (hawa kweli wananunuliwa), usipasue mti kuwatoa. Kaa na wanao jioni mkitazama ule mrija. Utaona mlinzi mmoja amesimama mdomoni, kichwa nje, na wenzake wakirudi na chavua ya njano miguuni anasogea kuwapisha.

Kundi limeingia mzinga wangu wiki tatu sasa. Natamani kufungua nione, ila naogopa. Nifanyeje? (Msomaji, Kibaha)

Woga wako ni mzuri, utunze. Kwanza usifungue bado. Yai linachukua karibu wiki tatu hadi awe kibarua, kwa hiyo kundi jipya hupungua kwanza kabla halijaongezeka, wazee wanakufa na watoto hawajatoka. Ukiwasumbua wakati huo wanaweza kuondoka. Ngoja wiki sita hivi. Simama mbali utazame mlango tu: wakiingiza chavua kwa wingi, malkia anataga.

Nitakueleza nilivyokosea mimi, maana nalibeba mpaka leo. Mzinga wangu wa kwanza niliufungua saa nne asubuhi, jua kali, kwa kuwa nilikuwa na shauku na sikutaka kungoja jioni. Nilivaa sweta jeusi juu ya ovaroli kwa sababu kulikuwa na upepo. Moshi wa kuwatuliza niliutoa kidogo, bomba la moshi likazimika. Nilipochomoa kiunzi cha tatu sega likakatika, likaanguka ndani. Nikasikia sauti yao ikibadilika, kutoka mvumo wa chini hadi mlio mwembamba wa juu, na hewa ikajaa harufu kama ya ndizi mbivu. Hiyo ndiyo harufu ya wito wao wa vita: nyuki mmoja akiuma anaiacha, na wengine wanaifuata. Mimi nilikuwa na kofia ya wavu, nikakimbia. Mbuzi wa jirani alikuwa amefungwa kamba umbali usiofika mita mia. Hakuweza kukimbia. Tulipomfikia alikuwa amekufa. Nilimlipa jirani, na alinisamehe, lakini sauti ya yule mbuzi ilikaa nami usiku mwingi. Sikuuliza asubuhi ile nani amefunga nini karibu. Sasa huzunguka eneo lote kwanza, kila mara, na mfugo wowote nikiukuta nauondoa au naahirisha.

Kwa hiyo nenda saa kumi na moja jioni au baadaye, kusiwe na mvua wala upepo. Nguo nyeupe, ovaroli juu ya suruali na shati, gambuti, glovu, kofia ya wavu, na kila upenyo ufungwe kwa kamba. Usijipulizie manukato, na ndizi usile kabla ya kwenda. Bomba la moshi liwashe dakika kumi kabla. Mimi natia makumbi makavu ya nazi, yanafuka polepole na moshi wake mweupe hauchomi. Jaribu kwenye kiganja chako, ukiuona wa moto ni wa moto kwao pia. Usitie matambara yenye oili wala plastiki. Puliza moshi mara tatu nne mlangoni, ngoja dakika mbili, halafu juu.

Anza na kiunzi cha mwisho, upande usio na nyuki wengi. Kigonge kwa kisu taratibu, kitenganishe, kinyanyue wima. Wima! Sega la viunzi vya juu halina fremu ya kulishika, ukililaza ubavu linakatika, hasa kukiwa na joto. Tazama: asali juu, chavua chini yake, majana katikati. Ukiona vijiti vyeupe vidogo vimesimama kimojakimoja ndani kabisa ya vitundu, hayo ni mayai, malkia yupo, wala huna haja ya kumtafuta. Rudisha, funga, ondoka. Robo saa inatosha kwa mara ya kwanza. Na usiende peke yako.

Ukiumwa, toa mwiba mara moja kwa namna yoyote, kwa ukucha au kwa vidole, kwa sababu kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma. Kuvimba palepale ni kawaida. Lakini mtu akivimba midomo au ulimi, akitoka vipele mwili mzima, akibanwa kifua au akizimia, huyo ni wa hospitali dakika hiyohiyo, hata kama ameumwa na nyuki mmoja. Mwenye historia hiyo asifuge nyuki wauma. Kwa huyo sina njia ya mkato ya kumpa.

Asali yangu ya kwanza imetoa povu na inanuka kama pombe. Mchanganyiko gani niweke kuitengeneza? (Msomaji, Chanika)

Usiweke kitu. Imechachuka kwa sababu ulirina mbichi. Nyuki huleta majimaji ya maua, huyapepea kwa mabawa hadi maji yanabaki chini ya asilimia 20, kisha huziba kila kitundu kwa kifuniko cha nta. Kifuniko ndiyo muhuri wao kwamba imeiva. Kata sega lililozibwa robo tatu au zaidi, na usikate lenye majana hata siku moja. Ichuje kwa kitambaa safi, usiichemshe, iweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko wa kubana, kwa kuwa asali hunyonya unyevu wa hewa. Nta iliyobaki iyeyushe kwenye maji ya moto uitunze kwa ajili ya viunzi. Na nawakumbusha akina mama wote: mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asilambishwe asali, hata kidogo, hata kama bibi amesema. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvizuia.

Je, napaswa kumwambia mtu yeyote kabla ya kuanza? (Msomaji, Kibiti)

Ndiyo. Nyuki wana sheria yao nchini tangu mwaka 2002, na halmashauri nyingi zina afisa nyuki. Nenda kwake mapema, atakueleza utaratibu wa wilaya yenu na mara nyingi anawajua wafugaji wa jirani. Ukitaka kusoma kwa kina, Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki.

Nilirina Jumamosi, nikachukua masega yote kwa sababu yalikuwa yamejaa. Wiki iliyofuata mzinga mtupu. Wamekufa au wameniacha? (Msomaji, Bagamoyo)

Kama hukukuta mizoga, wamehama. Nyuki wetu hawavumilii nyumba isiyo na akiba, wanabeba walichonacho tumboni na kuondoka na malkia wao. Mimi kwenye mzinga wenye viunzi ishirini na kitu huwaachia si chini ya masega manane, ya asali na majana, na kiangazi kikiwa kirefu sirini kabisa.

Usiung'oe mzinga. Mabaki ya masega yatoe leo leo, nondo wa nta wasije wakayatoboa humo na kuacha utando. Acha vipande vidogo vya nta kwenye viunzi, usioshe kuta, harufu ya wenyewe bado imo na ni mwaliko mzuri kuliko wowote utakaoutengeneza. Paka grisi waya, jaza maji kwenye karai. Kisha uwe unapita jioni, kwa mbali, utazame mlango.